Mohamed Amin na Karatasi Iliyosafiri na Filamu

Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilitekwa na vijana watatu waliotaka ipelekwe Australia. Rubani aliwaeleza kwamba mafuta hayawezi kufika huko. Hawakumwamini. Mafuta yalipokwisha, ndege iliangukia baharini karibu na ufuo wa Ngazija, katika visiwa vya Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa. Mmoja wao alikuwa Mohamed Amin, mpiga picha wa Nairobi, mwenye umri wa miaka 53.

Hapa Bukavu habari hiyo haikuwa na nafasi. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa alikuwa ameuawa tarehe 29 Oktoba, mji ulikuwa umeingia mikononi mwa AFDL, na maelfu ya wakimbizi walikuwa njiani bila kujua waendako. Majuma yale watu wetu walikuwa na vifo vyao wenyewe vya kuhesabu. Wapiga picha wa dunia nzima walikuwa wamejaa Goma, na wengine walifika hadi huku. Picha zao ndizo zilizobaki katika hifadhi za televisheni, nasi tuliozaliwa baadaye tumeijua historia ya mji wetu kwa sehemu kubwa kupitia hizo.

Katika masomo yetu ya lugha ya vyombo vya habari tunazoea kuchukua matini iliyokwisha kusomwa hewani na kuichambua: msamiati, nafsi, wakati, mpangilio wa sentensi. Ni nadra kuuliza maneno hayo yalipita wapi kabla ya kumfikia msomaji wa habari, na nani aliyaandika mara ya kwanza. Maisha ya Mohamed Amin yanatupa nafasi ya kuuliza. Yeye alikuwa mtu wa picha, wala hakujulikana kwa maneno. Lakini kila filamu aliyoipeleka ilisafiri na karatasi, na katika karatasi ile ndimo majina ya watu yalimopona au kupotea.

Mtoto wa reli

Mohamed Amin alizaliwa Nairobi, mtaa wa Eastleigh, mwaka 1943. Wazazi wake walikuwa Wapanjabi, na baba yake alikuwa ameajiriwa na reli. Mwaka 1952 kazi ya baba iliihamishia familia Dar es Salaam. Hivyo mtoto alikulia katika miji miwili ambayo kila mmoja ulikuwa na Kiswahili chake: cha Nairobi cha watu waliotoka pande zote kutafuta kazi, na cha Dar es Salaam cha pwani. Nyumbani kulikuwa na lugha ya wazazi, shuleni Kiingereza. Kwa mwanaisimu hali hiyo haishangazi hata kidogo. Ni hali ya watoto wengi wa Bukavu wanaoamka na Mashi, wanaokwenda sokoni na Kiswahili na kufanya mtihani kwa Kifaransa.

Akiwa bado mwanafunzi alipata kamera ndogo ya mitumba, Box Brownie, akaingia katika chama cha wapiga picha cha shule. Kutoka hapo hakurudi nyuma. Alipiga picha za mashindano ya magari ya Safari, za sherehe, za wanasiasa waliokuwa wakijiandaa kwa uhuru, akaziuza kwa magazeti. Mwaka 1963, akiwa na miaka ishirini, alifungua kampuni yake mjini Dar es Salaam na kuiita Camerapix. Baadaye alijifunza pia kamera ya sinema, kwa sababu aliona kwamba tukio moja laweza kuuzwa mara mbili: picha iliyosimama kwa gazeti, na picha inayotembea kwa televisheni.

Hapo pana jambo la kutafakari. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962, na Uganda tangu 1963. Kwetu Kongo, Kinshasa ilianza mwaka 1966. Lakini Tanzania bara haikuwa na televisheni hadi miaka ya 1990. Kijana yule alipiga picha za mji wake ili zionekane London na New York, huku jirani zake wa Dar es Salaam wakiwa hawana kifaa cha kuzionea. Tangu mwanzo, kazi yake ilikuwa kusema juu ya watu mbele ya watu wengine.

Unguja mara mbili

Mapinduzi ya Zanzibar yalipotokea tarehe 12 Januari 1964, Amin alikuwa jirani, ng'ambo ya bahari. Alivuka na kupiga picha wakati ambapo waandishi wengi wa nje walikuwa bado wanatafuta njia ya kufika. Picha hizo zilimjulisha kwa mashirika ya habari ya ng'ambo. Walipata mtu anayejua mahali, anayejua watu, asiyehitaji hoteli wala mkalimani, na ambaye huwa amekwisha kufika wakati wao wanakata tiketi.

Mara ya pili mambo hayakuwa mema. Mwaka 1966 alikamatwa Unguja kwa sababu ya kazi yake ya kupiga picha, akafungwa karibu mwezi mmoja. Baadaye alieleza kwamba aliteswa gerezani. Alipoachiwa alifukuzwa Tanzania, akarudi Nairobi alikozaliwa, na Camerapix ikahamia huko.

Kifungo hicho kilimfundisha jambo ambalo lilionekana katika kazi yake yote iliyofuata. Kuanzia hapo hakutegemea ujasiri peke yake. Alijenga uhusiano na makarani wa wizara, maofisa wa uwanja wa ndege, madereva, marubani wa ndege ndogo, walinzi wa ikulu. Alijua nani anagonga mhuri gani. Waandishi waliofanya kazi naye wamemsifu kwa hilo kuliko kwa kitu kingine: pale ambapo timu nzima kutoka Ulaya ilikaa wiki mbili ikisubiri kibali, yeye alikuwa amekipata. Vibali hivyo havipatikani kwa kamera. Hupatikana kwa mazungumzo, kwa salamu, kwa kujua namna ya kumwita mtu mzima na namna ya kumwita kijana mwenye bunduki. Kwa maneno mengine, hupatikana kwa lugha.

Filamu, mfuko na karatasi

Nairobi aliongoza ofisi ya Visnews. Shirika hili lilianzishwa London mwaka 1957 kwa jina jingine, BBC ikiwa miongoni mwa wamiliki wake, na Reuters ikajiunga baadaye. Kazi yake ilikuwa kuuza picha za habari kwa vituo vya televisheni duniani kote. Watazamaji hawakulijua jina lake, kwa sababu picha zake zilitoka kwa jina la kituo kilichozinunua. Lilikuwa chumba cha habari kilicho nyuma ya vyumba vya habari.

Msomaji aliyezoea kurekodi kwa simu na kutuma papo hapo anahitaji kuelezwa kazi ilivyokuwa. Miaka ya 1960, kamera ya kawaida ya mpiga picha wa habari ilitumia filamu ya milimita 16. Aina iliyopendwa ilikazwa kwa mkono kama saa ya zamani, na mkazo mmoja ulipiga kwa muda usiofika nusu dakika. Mkanda mmoja wa futi 100 ulikwisha kabla ya dakika tatu. Mpiga picha hakuwa na namna ya kuona alichopiga. Filamu ilikuwa lazima ioshwe kwa dawa, na kwa habari kubwa uoshaji ulifanyika London. Basi filamu ilitiwa koponi, kopo likatiwa mfukoni, na mfuko ukakimbizwa uwanja wa ndege ili upande ndege ya usiku. Mara nyingine ulikabidhiwa abiria asiyejulikana aliyekubali kusaidia. Upande wa pili alisubiri mtu wa pikipiki. Filamu ikaoshwa, ikakatwa, ikanakiliwa, kisha nakala zikasambazwa kwa wateja.

Ndani ya mfuko, pamoja na kopo, kulikuwa na karatasi ya maelezo. Wenye kazi walijua kwamba bila karatasi hiyo filamu ni bure. Mhariri wa London aliyeiona picha kwa mara ya kwanza hakuweza kujua kama mtu mwenye kofia ni waziri au dereva wake, kama umati unashangilia au unalalamika, kama moshi ni wa vita au wa shamba. Karatasi ilimwambia: mahali, tarehe, mpangilio wa picha moja baada ya nyingine, nani yuko upande wa kushoto, jina lake linaandikwaje, nini kilitokea kabla na baada. Kutokana na karatasi hiyo London iliandika maelezo mapya kwa Kiingereza na kuyapeleka kwa wateja pamoja na picha. Kila kituo kikatunga maneno yake kwa lugha yake.

Tufuate sasa njia ya neno moja. Shahidi wa Mombasa au Morogoro anaeleza tukio kwa Kiswahili. Mpiga picha anasikia, anaandika kwa ufupi kwa Kiingereza. London inafupisha tena na kuongeza yale inayodhani mteja wake hayajui. Maelezo yanarudi Nairobi pamoja na picha, kwa kuwa televisheni za Afrika nazo zilikuwa wateja wa mashirika haya, na mfasiri wa zamu anayageuza kuwa Kiswahili kabla ya taarifa ya saa moja usiku. Kiswahili cha shahidi kimezunguka bahari na kurudi kama tafsiri ya Kiingereza. Mambo mengi huanguka njiani, na kinachoanguka kwanza ni jina la mtu asiye na cheo.

Miaka ya 1970 nchi nyingi za Kusini zililalamika katika UNESCO juu ya mzunguko huo wa habari, na mwaka 1980 tume iliyoongozwa na Sean MacBride ilitoa ripoti yake. Mjadala ulikuwa wa wanasiasa na maprofesa. Ofisini Nairobi ulikuwa jambo la kila siku: karatasi moja, nafasi finyu, ndege inaondoka.

Jumamosi ya Mboya

Tarehe 5 Julai 1969, Jumamosi mchana, Tom Mboya, waziri wa mipango ya uchumi wa Kenya, alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa katikati ya Nairobi, kwenye barabara ambayo leo inaitwa Moi Avenue. Amin alifika mapema kiasi cha kupiga picha za Mboya akihudumiwa na kuchukuliwa kwa gari la wagonjwa. Kwa picha hizo alipewa tuzo ya mpiga picha bora wa televisheni wa mwaka nchini Uingereza.

Habari hii ni nyepesi kwa upande wa maneno. Jina la aliyeuawa lilijulikana duniani. Mboya alikuwa amewahi kuwa juu ya jalada la jarida la Time, na wanafunzi wengi walikuwa wamekwenda Marekani kwa mpango alioupigania. Karatasi ya maelezo haikuhitaji kufafanua mengi. Mhariri wa London alijua amwiteje, na mtazamaji alijua anamlilia nani.

Hali ilikuwa hivyo pia kwa Idi Amin, aliyeshika utawala wa Uganda tarehe 25 Januari 1971. Mohamed Amin alimpiga picha mara nyingi katika miaka ya utawala wake. Jeshi la Uganda lilitumia Kiswahili, na mtu aliyelelewa Dar es Salaam hakuhitaji mkalimani mbele ya askari wa kizuizi. Mwaka 1980, mtawala huyo alipokuwa amekwisha kukimbia, Mohamed Amin na mwandishi wa BBC, Brian Barron, walimkuta uhamishoni Saudi Arabia na kumrekodi. Kiongozi, hata aliyeangushwa, hutamkwa kwa jina na huachiwa aseme kwa sauti yake. Hii ni sarufi ya chumba cha habari, na Visnews haikuibuni: mwenye cheo huwa mtenda, naye huwa na jina. Asiye na cheo huwa nomino ya wingi.

Korem

Mwaka 1984 njaa ilikuwa imeenea kaskazini ya Ethiopia. Ukame ulikuwapo, na vita vilikuwapo pia kati ya jeshi la Mengistu Haile Mariam na wapiganaji wa Eritrea na Tigray. Mwezi Septemba serikali ilikuwa katika sherehe za miaka kumi ya mapinduzi, wala haikutaka wageni waone kambi. Amin aliendelea kubisha hodi katika ofisi za Addis Ababa hadi vibali vikapatikana. Mwezi Oktoba alifika Korem na Mekelle pamoja na Michael Buerk wa televisheni ya BBC na Mike Wooldridge wa redio ya BBC.

Makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika Korem. Usiku kulikuwa na baridi ya milimani, na alfajiri maiti zilipangwa zikiwa zimefungwa kwa nguo. Amin alipiga picha alfajiri hiyo polepole, kamera ikipita juu ya watu bila haraka, kisha ikisimama kwenye uso mmoja. Walioiona wanajua kwamba ukimya wa picha zenyewe ndio uliowafunga watazamaji mdomo. BBC iliitangaza tarehe 23 Oktoba 1984. Kisha Visnews iliisambaza, vituo 425 vikaionyesha, na watazamaji walikadiriwa kuwa milioni 470. Kutokana na hayo Bob Geldof alikusanya wanamuziki kwa ajili ya wimbo wa msaada, wenzao wa Marekani wakafuata, na tarehe 13 Julai 1985 tamasha la Live Aid lilifanyika London na Philadelphia. Serikali zilizokuwa zimesitasita zilipeleka chakula. Mamia ya maelfu ya watu walikufa katika njaa ile. Wengi zaidi wangekufa kama picha zile zisingetoka, na mtu yeyote anayetaka kumkosoa Mohamed Amin lazima aanze kwa kukiri hilo.

Nikisha kukiri, naendelea. Katika taarifa zile watu wa Korem wanaonekana lakini hawasemi. Walizungumza Kiamhari na Kitigrinya, na kamera ilikuwa karibu nao kiasi cha kusikia pumzi zao. Lakini waliohojiwa, wenye sauti na kazi inayotajwa, ni wafanyakazi wa afya waliotoka Ulaya. Maelezo yote mengine ni ya mwandishi, kwa Kiingereza kizuri, kilichoifananisha njaa hiyo na misiba ya Biblia. Lugha hiyo iligusa mioyo. Iligusa pia sarufi: njaa ikawa mtenda, watu wakawa watendwa, na vita vilivyowazuia wakulima kulima na malori kupita vikabaki pembeni ya sentensi. Watafiti wa habari wamelisema hilo kwa miaka mingi. Mama aliyemkumbatia mtoto wake mbele ya watu milioni 470 hakuulizwa jina.

Je, kosa ni la Amin? Sidhani. Alikuwa mtu wa shirika, na shirika liliuza picha ili wengine waweke maneno. Kazi ya kuhoji ilikuwa ya mwandishi aliyekuja naye. Kiswahili chake, kilichomfungulia milango kutoka Unguja hadi Kampala, hakikufika Korem. Hata hivyo yeye ndiye aliyekuwa Mwafrika ndani ya timu, na karatasi ilikuwa mkononi mwake. Swali linabaki pale pale, halimdharau wala halimwondoi.

Nalisema hili kwa sababu nimewahi kuishika karatasi hiyo mimi mwenyewe. Miaka miwili iliyopita niliajiriwa kwa siku tatu kutafsiria timu ya wapiga picha waliokuja Bukavu. Katika soko la Kadutu mama mmoja alituzungumzia kwa muda mrefu, Kiswahili na Mashi vikipokezana, juu ya mume wake, shamba lililoachwa na deni la unga. Alitaja jina lake kamili na jina la kijiji chake, akarudia ili niandike sawasawa. Niliandika. Habari ilipotoka, uso wake ulikaa kwenye skrini sekunde chache, na msomaji akasema juu ya wanawake wa mashariki ya Kongo. Nilitazama mara tatu nikidhani nimepitwa. Mama yule bado anauza mahali pale pale. Aliniuliza kama ametoka kwenye jurnali. Nilimjibu kwamba ametoka, na jibu langu lilikuwa nusu ya kweli.

Mkono mmoja

Mwishoni mwa Mei 1991 utawala wa Mengistu ulianguka na wapiganaji wakaingia Addis Ababa. Tarehe 4 Juni ghala la silaha lililipuka mjini humo. Amin na wenzake walikwenda kupiga picha, ukatokea mlipuko mwingine mkubwa zaidi. John Mathai, fundi wake wa sauti, aliuawa. Amin alipoteza mkono wa kushoto.

Kamera ya televisheni ya wakati ule ilibebwa begani na ilihitaji mikono miwili. Watu walidhani kazi yake imekwisha. Alikwenda Marekani kutengenezewa mkono wa bandia, kamera ikarekebishwa imfae, na baada ya miezi michache alikuwa kazini tena. Mengi yameandikwa juu ya ujasiri huo. Mimi naona tusimsahau fundi wa sauti. Katika lugha ya kazi ile, mpiga picha na fundi wa sauti walifungwa pamoja kwa waya: mmoja aliona, mwenziwe alisikia. Jina la Amin linajulikana na wengi. Jina la aliyebeba sauti linahitaji kutafutwa.

Miaka hiyo Visnews ilikuwa imemilikiwa yote na Reuters na kuitwa Reuters Television. Amin alianza kutaka jambo jingine. Alishiriki katika kuanzisha Africa Journal, kipindi cha maelezo marefu kilichotengenezwa na waandishi wa Afrika kwa ajili ya vituo vya Afrika, ambamo mbali na vita na njaa kulikuwa na biashara, ufundi, muziki na maisha ya kawaida. Kwa mara ya kwanza kwa kiwango hicho, mtu aliyepiga picha na mtu aliyetunga maneno waliweza kutoka upande mmoja wa dunia. Sijui njia bora ya kusema kwamba mzee wa picha alikuwa ameona kilichopungua.

Ngazija

Katika ndege ya mwisho Amin hakuwa peke yake. Alisafiri na Brian Tetley, mwandishi aliyetunga maneno ya vitabu vingi vya picha vya Camerapix. Mtu wa picha na mtu wa maneno walikufa siku moja. Walionusurika walieleza kwamba hadi dakika za mwisho Amin alikuwa amesimama, akibishana na watekaji. Baada ya maisha marefu ya kuwapa wengine nafasi ya kusema, mwisho alikuwa akitumia maneno.

Ndege ilianguka mbele ya hoteli ya ufuoni. Mtalii mmoja mwenye kamera ndogo ya video alikuwa pale, akapiga picha bawa lilipogusa maji na ndege ilipopasuka. Picha hizo zilizunguka dunia usiku ule ule, katika vyumba vile vile vya habari vilivyokuwa vikipokea mifuko ya Amin. Wahariri waliziona, wakaziandikia maelezo, wakatafuta namba ya ndege na idadi ya waliokufa. Wenyeji waliokimbilia majini kuokoa watu walikuwa Wangazija, wanaozungumza lugha iliyo ndugu wa karibu wa Kiswahili, kiasi kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kitivo chetu akiisikia ataokota maneno mengi. Hao walionekana kwenye picha wakivuta mitumbwi na kubeba majeruhi. Katika matangazo mengi waliitwa wenyeji, basi.

Camerapix iliendelea chini ya mwanawe, Salim Amin, na hifadhi yake Nairobi ina picha za zaidi ya miaka thelathini ya Afrika Mashariki. Hifadhi kama hiyo ni shamba kwa watu wa lugha. Picha zilizopigwa zina watu wanaosema, na wengi wao wanasema lugha tunazosomea hapa. Kuna kazi ya kusikiliza, kunukuu, kutafsiri na kurudisha majina pale yalipoanguka. Picha za Bukavu za 1996, popote zilipohifadhiwa, zinahitaji kazi hiyo hiyo, na waliokuwamo ndani yake wengine bado wako hai Kadutu, Ibanda na Bagira. Mzee mmoja wa mtaani kwetu hujitambulisha kwa watoto kwamba yumo katika picha moja ya wakimbizi wa daraja la Ruzizi, wa tatu kutoka kushoto, mwenye godoro kichwani. Hakuna karatasi inayosema hivyo. Mwezi ujao naanza kwenda kwake na daftari.